Sura ya Tano: Umeme wa Jua kwa Redio ya Safarini

Redio ya ridhaa ni shughuli ya watu waliopewa leseni na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yao, kama TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, ili warushe na kupokea mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuwasiliana wao kwa wao bila malipo wala biashara. Kila mmoja wao hutambulika kwa alama ya mwito, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaoanza na utambulisho wa nchi, kama 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya na 5X kwa Uganda. Mwenye alama hiyo anaweza, kwa mtambo unaoenea katika mfuko wa mgongoni na waya wa mita 20 ulioning'inizwa mtini, kuzungumza na mtu aliye bara jingine bila kupitia mnara wa simu, intaneti wala kampuni yoyote. Uhuru huo una sharti moja, nalo ni umeme. Na mtu anayeutoa mtambo wake nyumbani kwenda kilimani, ufukweni au kijijini ambako nguzo za umeme hazijafika ni lazima ajue umeme wake utatoka wapi na utadumu kwa muda gani.

Jenereta ya petroli hutoa umeme mwingi, lakini hunguruma, ni nzito, na hutegemea mafuta, ambayo ndiyo hutoweka mapema pale maafa yanapotokea. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico Septemba 20, 2017, gridi ya kisiwa kizima ilianguka, minara mingi ya simu ikanyamaza, na kazi ya kuwarudishia umeme wakazi wote ikachukua karibu mwaka mzima; katika wiki za mwanzo Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba msaada wa wanaredio wa ridhaa kupitia chama chao cha kitaifa, ARRL, na 22 kati yao wakaenda kisiwani kusaidia kupitisha taarifa. Chama hichohicho kilianzisha mwaka 1933 zoezi la kila Juni liitwalo Field Day, ambalo huwatoa waendeshaji majumbani ili wajaribu kufanya kazi katika mazingira ya dharura, na kanuni zake huwapa alama 100 za ziada wale wanaofanya mawasiliano angalau 5 bila umeme wa gridi na bila jenereta ya mafuta. Wengi huzipata alama hizo kwa paneli ya jua.

Uhusiano wa jua na redio una umri sawa na seli ya jua ya silikoni yenyewe. Aprili 25, 1954, maabara ya Bell huko New Jersey ilipoionyesha hadharani seli iliyoundwa na Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, ambayo iligeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, mojawapo ya vitu vilivyoendeshwa na seli hizo mbele ya watazamaji kilikuwa kirusha mawimbi kidogo cha redio. Miaka minne baadaye, Machi 17, 1958, setilaiti ya Marekani Vanguard 1 ilipanda angani ikiwa na virusha mawimbi viwili, kimoja kikiendeshwa na betri ya kawaida na kingine na seli za jua. Cha betri kilinyamaza Juni mwaka huohuo, na cha jua, ambacho nguvu yake ilikuwa takriban miliwati 5, yaani sehemu 5 kati ya 1,000 za wati moja, kiliendelea kusikika hadi 1964. Kilidumu kwa sababu matumizi yake yalikuwa yamepimwa yasizidi kile ambacho jua lilikuwa likitoa, na kanuni hiyo ndiyo inayoongoza kila linalofuata katika sura hii.

Hesabu huanzia redioni

Fundi wa sola aliyezoea kazi za nyumbani huuliza kwanza paneli ni ya wati ngapi, lakini kwa redio ya safarini swali hilo ndilo la mwisho, kwa sababu paneli hupimwa kwa betri, betri hupimwa kwa redio, na redio nayo hupimwa kwa namna mwenyewe atakavyoitumia. Vipimo vinavyohitajika ni vichache. Volti hueleza msukumo wa umeme, ampea hueleza wingi wa mkondo unaopita, na wati ni zao la kuzidisha hivyo viwili; mkondo wa ampea 1 ukipita kwa muda wa saa moja huhesabiwa kuwa ampea-saa 1, na ampea-saa zikizidishwa kwa volti hupatikana wati-saa, ambazo ndizo kipimo halisi cha nishati iliyotumika au iliyohifadhiwa.

Mitambo mingi ya redio ya ridhaa imeundwa kwa volti 13.8, ambayo ni kama volteji ya gari linalochaji betri yake, na hivyo huupokea moja kwa moja umeme wa betri iitwayo ya volti 12. Jambo hili linastahili kusisitizwa, maana wapo wanaobeba inveta ili waugeuze umeme wa betri kuwa wa volti 230, kisha wachomeke hapo adapta inayourudisha kuwa volti 13.8. Katika kwenda na kurudi huko takriban robo ya nishati huishia kuwa joto, na inveta yenyewe huongeza mkwaruzo ndani ya redio.

Redio hula umeme kwa namna mbili, wakati wa kupokea na wakati wa kurusha, na anayeanza hudhani kuwa gharama kubwa iko kwenye kurusha. Tuchukue mtambo Yaesu FT-817, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambao waendeshaji wa safarini wameubeba kuliko karibu mtambo mwingine wowote: ukipokea hutumia hadi ampea 0.45, na ukirusha wati 5 hutumia takriban ampea 2. Mwendeshaji anayekaa kilimani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, akasikiliza jumla ya saa tano na kurusha jumla ya saa moja, atakuwa ametumia ampea-saa 2.25 kwa kusikiliza na 2 kwa kurusha, jumla 4.25, ambazo kwa betri ya volti 12.8 ni wati-saa 54. Usikilizaji umegharimu zaidi ya urushaji, ingawa kila dakika ya kurusha ilikula zaidi ya mara nne ya dakika ya kusikiliza. Hii ndiyo sababu mtambo kama Elecraft KX2, unaotumia takriban ampea 0.135 tu ukipokea, una thamani kubwa kwa mtu wa jua: saa tano zilezile za kusikiliza hushuka kutoka ampea-saa 2.25 hadi chini ya 0.7. Kuzima taa ya kioo na kuvaa visikizi badala ya kutumia spika huongeza akiba hiyo bila gharama yoyote.

Ulinganisho na mtambo mkubwa wa nyumbani huonyesha tofauti zaidi. Icom IC-7300, mtambo mzuri wa wati 100, hutumia karibu ampea 1 wakati wa kupokea na hufikia ampea 21 wakati wa kurusha kwa nguvu yote, kwa hiyo siku ileile ya kilimani ingehitaji betri na paneli kubwa mara kadhaa. Ni haki kuuliza kama wati 95 zinazoachwa zinaleta hasara inayolingana na ukubwa wake, na jibu la fizikia linatia moyo. Kushuka kutoka wati 100 hadi wati 5 ni kupoteza desibeli 13, desibeli ikiwa ni kipimo cha uwiano wa nguvu, na kwenye mita ya mpokeaji, ambayo kila hatua yake huhesabiwa kuwa desibeli 6, hasara hiyo ni hatua mbili na kidogo tu. Ishara iliyokuwa ikisikika vizuri itaendelea kusikika, na itakayopotea ni ile iliyokuwa tayari hafifu.

Kwa Afrika Mashariki ukweli huu unaweza kusikilizwa hewani. Mtandao wa kimataifa wa vituo 18 vya kupimia usafiri wa mawimbi una kituo chake nchini Kenya, chenye alama ya mwito 5Z4B, na vituo hivyo hupokezana kwenye megahezi 14.100 na masafa mengine manne, kila kimoja kikipewa sekunde 10 katika mzunguko wa dakika tatu. Zamu ikifika, kituo hutuma alama yake ya mwito kwa Morse, yaani kwa nukta na mistari, kwa nguvu ya wati 100, kisha hutuma milio minne mirefu ya sekunde moja moja, wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1 na wa mwisho kwa wati 0.1. Msikilizaji aliye Ulaya au Asia huhesabu milio aliyoipata, na siku ambayo anga imefunguka mlio wa wati 1 huvuka bahari na kumfikia. Hakuna somo la darasani linaloweza kumshawishi mwanafunzi wa redio kuhusu uwezo wa nguvu ndogo kuliko kukaa na kuhesabu milio hiyo kwa sikio lake mwenyewe.

Aina ya mawasiliano nayo huamua gharama. Mtu anayezungumza kwa sauti katika mfumo wa mkanda mmoja wa pembeni, ambao hurusha mmoja tu kati ya mikanda miwili inayobeba sauti na kuacha wimbi mama, hatumii mkondo wote wakati wote, kwani mtambo hupumzika kati ya maneno. Morse hutumia karibu nusu ya muda kwa kuwa kuna nafasi kati ya nukta na mistari. Lakini FT8, mfumo wa kidijiti uliobuniwa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, hurusha mfululizo kwa karibu sekunde 13 katika kila zamu ya sekunde 15, bila kupumua. FT8 hudaka ishara dhaifu ambazo sikio haliwezi kuzitambua, na hivyo huruhusu nguvu ndogo sana, ila anayeitumia kwa wati 5 zote asishangae betri yake ikiisha mapema kuliko ya jirani anayepiga Morse, hasa akizingatia kompyuta ambayo nayo inataka chakula chake.

Betri

Setilaiti ya wanaredio wa ridhaa AO-7, iliyorushwa Novemba 15, 1974, inaeleza kazi ya betri vizuri kuliko maelezo mengi ya vitabuni. Ilifanya kazi vizuri hadi mwaka 1981, betri zake zilipoharibika na kujifunga ndani kwa ndani, zikawa zinafyonza kila kitu ambacho paneli zilizalisha, na setilaiti ikahesabiwa kuwa imekufa. Juni 21, 2002 ilisikika tena, baada ya miaka 21 ya ukimya, na maelezo yanayokubalika ni kwamba hitilafu ile ya ndani ilikatika, betri ikaacha kuuzuia umeme, na paneli zikaanza kuilisha redio moja kwa moja. Tangu hapo huamka kila inapotoka kwenye kivuli cha dunia na kuzimika kila inapoingia. Kituo cha safarini kilichounganishwa na paneli bila betri kingeishi vivyo hivyo, tena kwa taabu zaidi, kwa kuwa juu ya kilima kuna mawingu ambayo angani hayapo, na kila wingu dogo lingeangusha volteji katikati ya sentensi. Betri ndiyo inayotenganisha mwendo wa jua, ulio wa polepole na wa kubadilika, na mahitaji ya redio, yaliyo ya ghafla.

Betri ya risasi na asidi, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, bado ndiyo inayopatikana katika kila mji, iwe ile ya maji au ile iliyofungwa inayotumika kwenye mitambo ya kengele za ulinzi. Ni rahisi kununua, lakini ni nzito, na haipendi kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake, kwa hiyo ile ndogo iliyoandikwa ampea-saa 7, yenye uzito wa kilo mbili na zaidi, humpa mwenyewe karibu ampea-saa 3.5 anazoweza kuzitegemea. Ikiachwa bila chaji kwa wiki kadhaa huota fuwele za salfati kwenye sahani zake na kupoteza uwezo ambao haurudi tena.

Betri ya lithiamu, chuma na fosfati imebadilisha kabisa hali hiyo, na hapa haifai kuchanganywa na lithiamu za simu, ambazo kemia yake ni tofauti na huwaka moto kwa urahisi zaidi. Uwezo wa madini hayo ulitangazwa mwaka 1997 na kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na Goodenough alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa mchango wake katika betri za lithiamu. Seli yake moja ina volti 3.2, na nne zikifuatana hutoa volti 12.8, ambazo ziko karibu sana na zile ambazo redio inazitaka. Betri ya aina hii yenye ampea-saa 6 ina uzito wa chini ya kilo moja, karibu ujazo wake wote unatumika, na huvumilia kuchajiwa na kutumiwa mara elfu mbili au zaidi. Volteji yake hubaki takriban palepale kwa muda mrefu kisha huporomoka ghafla mwishoni, jambo linaloifurahisha redio lakini linamnyima mwendeshaji dalili ya mapema. Mita ya volti haimwambii kiasi kilichobaki, kwa hiyo anahitaji mita inayohesabu ampea-saa zinazotoka na zinazoingia. Sharti lake jingine ni kutochajiwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Pwani na nyandani sharti hilo halina maana yoyote, ila anayeipeleka redio yake kwenye kambi za juu za Kilimanjaro, ambako usiku maji huganda, aipashe betri joto ndani ya mfuko wa kulalia kabla ya kuiunganisha na paneli asubuhi.

Paneli chini ya jua la ikweta

Wati zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa maabara kwa mwanga wa wati 1,000 kwa mita moja ya mraba na seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Mwanga wa namna hiyo hupatikana Dodoma au Garissa saa sita mchana, lakini joto la nyuzi 25 halipatikani juani, kwani seli zenyewe hufika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi moja inayozidi hupunguza takriban asilimia 0.4 ya nguvu, hata hasara ikafika asilimia 15. Paneli iliyolazwa juu ya jiwe la moto huzalisha pungufu kuliko iliyoinuliwa kidogo ili upepo upite chini yake.

Kuhusu mwelekeo, vitabu vilivyoandikwa Ulaya humwagiza msomaji aielekeze paneli kusini, na agizo hilo halifai hapa. Dar es Salaam, jua la adhuhuri katikati ya Juni liko karibu nyuzi 30 kaskazini mwa utosi, na mwishoni mwa Desemba liko karibu nyuzi 17 kusini, hivyo mwenye paneli ya kubebeka atafanya vyema kuigeuza mara mbili au tatu kwa siku kulifuata jua lenyewe badala ya kutii dira. Kukosea kwa nyuzi 30 hugharimu asilimia 13 tu, lakini kukosea kwa nyuzi 60, kama inavyotokea paneli iliyotazama mashariki asubuhi ikisahaulika hadi alasiri, hugharimu nusu. Kivuli ni kibaya zaidi kuliko pembe: seli za paneli zimefungwa kwa mfuatano, na seli moja iliyofunikwa na tawi au kamba ya hema huubana mkondo wa zote.

Ukubwa sasa unaweza kukadiriwa. Wati-saa 54 zikigawanywa kwa saa tano za jua kamili, ambazo ni kadirio la haki kwa sehemu kubwa ya ukanda huu siku isiyo na mawingu, kisha zikigawanywa tena kwa 0.65 ili kufidia joto, vumbi, pembe na hasara za njiani, jibu ni wati 17, na paneli ya wati 20 hutosha.

Kelele

Hadi hapa mahitaji ya mwanaredio hayatofautiani sana na ya mwenye taa na chaja ya simu. Tofauti huanza kwenye kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola. Paneli iitwayo ya volti 12 hutoa volti 17 hadi 18 ikifanya kazi na zaidi ya 21 ikiwa haijaunganishwa na kitu, na kazi ya kontrola ni kuhakikisha betri haipewi zaidi ya volti inazostahimili, ambazo kwa lithiamu ya seli nne ni kati ya 14.2 na 14.6. Mwenye nyumba hutaka kifaa hicho kiwe cha bei nafuu na kidumu. Mwanaredio hutaka pia kiwe kimya, na sifa hiyo haiandikwi kwenye boksi.

Kontrola za kawaida ni za aina mbili. Ya kwanza, PWM, huiunganisha paneli na betri moja kwa moja, na betri inapokaribia kujaa huanza kuukata na kuuachia mkondo mara nyingi kwa sekunde. Ni rahisi na ya bei ndogo, lakini huivuta paneli ishuke kwenye volteji ya betri, kwa hiyo paneli inayoweza kutoa ampea 2.8 kwa volti 17.5, yaani wati 49, huishia kutoa ampea zilezile kwa volti 13, yaani wati 36. Ya pili, MPPT, huiacha paneli katika volteji yake bora na kubadilisha umeme huo kuwa wa volteji ya betri kwa kuukatakata makumi au mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na hivyo huokoa sehemu kubwa ya wati zile 13 zilizopotea.

Shida iko kwenye kule kukatakata. Mkondo unaokatwa ghafla huzaa si wimbi moja bali ukoo mzima wa mawimbi, kila moja likiwa kizidisho cha la kwanza. Kontrola inayokata mara 100,000 kwa sekunde inaweza kusikika kwenye megahezi 7.0, 7.1, 7.2 na kuendelea, katikati kabisa ya masafa ambayo mwendeshaji amekuja kilimani kuyasikiliza. Nyaya ndefu za paneli hufanya kazi ya antena na kuirusha kelele hiyo hewani, na antena ya redio, iliyo mita chache tu kutoka hapo, huipokea kwa uaminifu uleule inaoipokea sauti ya rafiki aliye Japani. PWM huleta mkwaruzo wa aina nyingine, mpana na wa kunguruma, unaoanza hasa betri inapokaribia kujaa, ndiyo maana mwendeshaji anaweza kufurahia ukimya asubuhi nzima kisha akashangaa kelele ikimvamia saa saba mchana. Watu wengi wameacha mawasiliano ya mawimbi mafupi wakiamini kuwa eneo lao halina usikivu, kumbe kilichowazibia masikio ni kifaa chao wenyewe, na jambo hilo linasikitisha kwa kuwa dawa yake ni nyepesi.

Uchunguzi wake hauhitaji chombo. Redio huwashwa kwenye mkanda wa masafa ulio mtulivu, sauti hupandishwa hadi mlio wa kawaida wa anga usikike, kisha nguo nzito hutandikwa juu ya paneli. Ikiwa mlio utashuka mara nguo inapofunika na kupanda inapoondolewa, mshitakiwa amepatikana. Mtu asiishie kwenye mkanda mmoja, kwani kontrola inaweza kuwa kimya kwenye megahezi 14 na kuchafua megahezi 7. Wala asiishie kwenye saa moja, kwani kelele huhama kadiri mwanga na hali ya chaji vinavyobadilika.

Tiba ya kwanza ni kununua kontrola inayosifiwa kwa ukimya na waendeshaji wenyewe, au ile ya mtindo wa zamani ambayo hukata mara chache tu, betri inapojaa na inaposhuka, badala ya kukata bila kukoma. Paneli za kukunja zenye tundu la USB hupaswa kushukiwa, kwa sababu ndani ya kiboksi cha tundu hilo mna kibadilishi kidogo ambacho mara nyingi hakikuwekewa kichujio chochote. Tiba ya pili ni pete ya feraiti, kauri yenye oksidi ya chuma ambayo huyazuia mawimbi ya redio yasisafiri juu ya waya huku ikiuruhusu umeme wa betri upite bila hasara: nyaya mbili za paneli huzungushwa pamoja mara nane hadi kumi na mbili kwenye pete kubwa, karibu kabisa na kontrola, na pete ya pili huwekwa upande wa betri. Mchanganyiko unaofaa kwa mawimbi mafupi hujulikana sokoni kama namba 31, na pete zisizo na alama zilizochomolewa kwenye vifaa vibovu huweza kuwa za kazi nyingine kabisa. Nyaya zenyewe hupaswa kusokotwa pamoja toka mwanzo hadi mwisho na kuwekwa mbali na antena.

Tiba ya tatu ni ya kimpangilio, nayo ndiyo ya uhakika kuliko zote. Mwendeshaji hubeba betri mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja hulisha redio, nyingine huchajiwa na paneli mita 20 au 30 kutoka hapo, na zinapobadilishana nafasi hakuna waya wowote unaoiunganisha redio na kontrola. Asiye na betri ya pili anaweza kuichomoa paneli wakati wa kusikiliza ishara hafifu na kuirudisha wakati wa mapumziko. Akiichomoa na kuirudisha, akumbuke kwamba kontrola nyingi hutaka kuiona betri kwanza ili zijue volteji ya mfumo, kwa hiyo betri ndiyo huunganishwa mwanzo na kukatwa mwisho.

Nyaya, fyuzi na saa za jioni

Waya mwembamba hula volti. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, ukiwa na urefu wa mita tatu kwenda na tatu kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.1, hivyo mtambo wa ampea 20 hupoteza hapo volti 2 nzima na kushuka chini ya kiwango unachokubali, ilhali mtambo wa ampea 2 hupoteza volti 0.2 ambazo hazitambuliki. Hii ni faida nyingine ya nguvu ndogo, kwamba inasamehe nyaya. Fyuzi haisamehewi: iwekwe kwenye waya chanya, sentimita chache kutoka kwenye betri, kwa kuwa betri ndogo ya lithiamu ikiguswa nyaya zake kwa bahati mbaya hutoa mkondo wa kuyeyusha maganda ya plastiki kabla mkono haujafika kuuchomoa.

Jua linaloilisha paneli ndilo pia linaloifungua anga, kwani miale yake huziondolea elektroni atomu za hewa ya juu na kuunda tabaka za ayonosfea, ambazo huyarudisha mawimbi mafupi duniani. Mchana masafa ya megahezi 14 hadi 28 huwa hai, na paneli nayo inazalisha, kwa hiyo mambo hayo mawili huenda sambamba. Jioni hugawanyika: tabaka la chini, ambalo mchana hufyonza megahezi 7 na chini yake, hutoweka karibu mara moja jua linapotua, na mkanda uliokuwa ukifika Arusha au Mombasa huanza kufika Ulaya na Bara Hindi, saa ambayo paneli haina kitu cha kutoa. Mwendeshaji wa kweli hawezi kuzikosa saa hizo, na betri ni lazima ipimwe kwa kuzihesabu. Saa mbili za jioni kwa mtambo wa mfano wetu huongeza takriban ampea-saa 1.4 na kuifanya siku nzima kuwa 5.65. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, wingu zito linaweza kuishusha paneli hadi moja ya tano ya mazao yake, na paneli ya wati 20 haitaweza kuifidia betri. Paneli ya wati 30 hutoa karibu ampea-saa 7.6 siku ya jua na karibu 1.5 siku ya mawingu, na ikiunganishwa na betri ya lithiamu, chuma na fosfati ya ampea-saa 10 iliyojaa, kituo huvuka siku mbili za mawingu mfululizo bila kupunguza matumizi, na siku ya tatu jua likichomoza huanza kulipa deni. Mzigo wote, pamoja na redio, antena, nyaya na pete za feraiti, unaweza kubaki chini ya kilo 5.